Shajara ya bodi ya umeme nyumbani kwa Mama, Tanga: breka ya kawaida, breka ya uvujaji na breka ya cheche

Jumamosi, 8 Machi 2025: Kandambili za kufungulia friji

Mama ana kandambili za bluu zinazokaa mbele ya friji. Hazitembelewi. Anazivaa akitaka kufungua mlango, akishafunga anazivua hapohapo na kurudi jikoni pekupeku. Nimeziona pale kwa zaidi ya mwaka bila kuuliza, na mimi ndiye fundi umeme wa familia, nina leseni ya EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, mfukoni.

Leo jioni mpwa wangu wa miaka sita alikwenda kuchukua maji ya baridi. Sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki. Aliposhika mlango tu akapiga ukelele na kurudi nyuma. Mama, anakoroga uji wa futari, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Inatekenya hiyo. Mwambie avae ndara."

Nilifungua mlango wa meinswichi. Breka sita, zote ziko juu. Nikamuuliza Mama kama huwa zinakata. "Hazijawahi, mwanangu. Breka nzuri hizo, aliziweka fundi wa zamani."

Nikapima kwa maltimita kati ya bodi ya friji na sakafu yenye maji: volti 140. Umeme uko kwenye bati la friji, mtoto ametikiswa, na hakuna breka hata moja iliyojua. Ndiyo sababu naanza shajara hii. Nitaandika kila hatua na bei yake, pamoja na nilipokosea, kwa sababu najua nyumba nyingi mjini hapa zina kandambili zake mbele ya friji.

Hatua ya kwanza nilikosea. Niliamini friji ndiyo mbovu, maana ukichomoa plagi yake mtekenyo unaisha. Nikamwita fundi wa friji, akafungua nyuma, akabadilisha waya wa kompresa na kusafisha. Shilingi 35,000. Tulipochomeka tena: volti 140.

Jumamosi, 15 Machi: Friji haikuwa na kosa

Nimekodi meger, kipima kinachoonyesha kama ganda la waya linavujisha umeme, na kipima erthi (erthi ni waya wa kupeleka ardhini umeme uliotoroka), kwa siku moja, 30,000. Ningefanya hivi wiki iliyopita, ile 35,000 ingebaki mfukoni.

Friji peke yake, plagi imechomolewa, kati ya pini ya laivu, ile inayoleta umeme, na bati: zaidi ya megaomu 50, yaani omu milioni 50. Nzima kabisa. Sasa swali likageuka: kama friji haivuji, ile volti 140 inatoka wapi?

Nilichomoa kila kitu ndani ya nyumba, nikaacha breka juu, nikapima waya wa erthi kwenye soketi ya friji. Bado una umeme. Nikashusha breka moja moja. Nilipofika ya tano, umeme ukatoweka. Breka ya tano ni ya pampu ya kisima, huko uani, mita ishirini na mbili kutoka jikoni.

Ilikuwa hivi. Kebo ya pampu imezikwa mchangani bila bomba. Ganda lake limechoka, laivu inavujia kwenye waya wa erthi wa kebo hiyohiyo. Waya wa erthi wa pampu umefungwa pamoja na waya za erthi za soketi zote za nyumba, kama inavyotakiwa, ili zote ziende kwenye fimbo ya erthi ardhini. Nikaenda kuifukua fimbo. Klempu imeliwa na chumvi imebaki unga wa kijani, waya unaning'inia hewani. Kwa hiyo umeme wa pampu ulikuwa unapanda waya wa erthi, unazunguka nyumba nzima, unatafuta njia ya kushuka, na njia ikawa mtu yeyote aliyekanyaga maji akashika bati. Ukichomoa friji unakuwa umeikata na ule waya, ndiyo maana kila mtu aliilaumu yenyewe.

Meger kwenye kebo ya pampu, laivu kwa erthi: megaomu 0.02. Yaani omu elfu ishirini. Volti 230 ukigawa kwa 20,000 unapata miliampea 11 na ushei. Hicho ni kiasi ambacho mkono unaweza kukaza usiachie. Breka ya pampu imeandikwa C20, ampea 20. Miliampea 11 kwa breka ya ampea 20 ni kama tone la maji kwa mtu anayesubiri pipa.

Hapa nieleze breka ya kawaida inafanya nini, kwa sababu wateja wengi wananiambia "mimi nina breka, niko salama". Ndani yake kuna vitu viwili. Kipande cha metali mbili zilizobanwa pamoja, kinachopinda kikipata joto: hicho kinakata mzigo ukizidi kwa muda, taratibu, hata ikichukua dakika nyingi. Na koili ya sumaku, inayokata papo hapo laivu na nyutro, waya wa kurudishia umeme, zikigusana. Breka ya herufi B koili yake inavuta umeme ukifika mara 3 hadi 5 ya namba yake, C mara 5 hadi 10, D mara 10 hadi 20. C20 basi inataka kati ya ampea 100 na 200 ndipo iruke mara moja. Imetengenezwa kulinda waya usiungue ukutani. Haijatengenezwa kumjua mtu.

Nadhani lugha yetu ya mtaani imechangia. Tuna neno moja, shoti. Nyaya zikigusana, "imepiga shoti". Mtu akitikiswa, "kapigwa shoti". Nyumba ikiteketea, "ni shoti ya umeme". Neno moja kwa makosa matatu tofauti, ndiyo maana tunanunua breka ya aina moja tukidhani imeyamaliza yote. Kosa la kwanza ni umeme mwingi kupita kwenye njia yake. La pili ni umeme, hata kidogo, kutoka nje ya njia yake. La tatu ni umeme wa kiasi cha kawaida kabisa, ndani ya njia yake, lakini unaruka pengo kwa cheche. Hilo la tatu nitalifikia.

Kazi ya leo: nimepiga fimbo mpya ya erthi. Ya kwanza kwenye mchanga mkavu ilinipa omu 160. Ya pili, mita tatu pembeni, karibu na pale maji ya bafuni yanapomwagikia, tukaziunganisha: omu 58. Fimbo mbili 56,000, klempu za shaba nyeupe mbili 8,000, waya wa milimita 10 mita nane 44,000. Pamoja na kukodi vipima, 138,000.

Omu 58 si mbaya, lakini fanya hesabu. Laivu ikigusa bati moja kwa moja, volti 230 kwa omu 58 ni ampea 4 tu. Breka ya C20 haitakata kamwe. Hata ya taa ya ampea 6 haitakata. Bati litabaki na umeme karibu wote hadi mtu atakapolishika. Erthi niliyoihangaikia siku nzima, peke yake na breka hizi, haitoshi.

Breka ya pampu nimeishusha na kuifunga tepu. Mama anateka kwa ndoo.

Jumamosi, 22 Machi: Breka ya uvujaji, na futari gizani

Nimeleta kisanduku kipya cha breka, cha njia 12 (65,000), breka sita za kawaida (9,000 kila moja), na breka ya uvujaji moja ya nyumba nzima (70,000). Vifaa vidogo 15,000. Jumla 204,000. Dukani breka ya uvujaji ukisema RCD au RCCB watakuelewa. Wazee wengine bado wanaiita ELCB. Nimechukua ya ampea 40 na miliampea 30. Soma uso wake kabla ya kulipa: kama kuna alama ya wimbi peke yake, ni aina ya AC. Kama chini ya wimbi kuna vilima viwili vya nusu wimbi, ni aina ya A, na hiyo ndiyo ninayoitaka, kwa sababu friza na mashine za siku hizi zina elektroniki ndani na uvujaji wake haufuati wimbi safi.

Namna inavyofanya kazi ni nzuri mno. Laivu na nyutro zote mbili zinapita ndani ya duara moja la chuma. Umeme unaoenda na unaorudi ukilingana, vinafutana na duara halihisi kitu. Ukitoroka kidogo, kupitia bati, ukuta uliolowa au mwili wa mtu, kurudi kunapungua, duara linahisi tofauti, linafungua kitasa. Haijali kama unatumia ampea 1 au 30. Inajali tofauti tu. Ya miliampea 30 haitakiwi kukata chini ya 15, lazima ikate ikifika 30 ndani ya milisekunde 300, na tofauti ikifika 150 ndani ya milisekunde 40. Kwa fimbo yetu ya omu 58 ni kazi rahisi: ampea 4 za kosa ni zaidi ya mara mia ya zile inazohitaji.

Kufunga kulikwenda kama kawaida. Upande wa mita ya LUKU na sili za TANESCO, shirika la umeme, sikuugusa, nilikata kwenye swichi kuu, nikapima kwamba kumekufa, nikahamisha nyaya.

Saa kumi na moja jioni nikawasha. Taa zikawaka. Mama akachomeka jagi la umeme, nyumba nzima ikazima. Nikainua. Taa zinakubali, jagi linakata. Nikajaribu pasi badala ya jagi: inakata. Nikashusha breka zote isipokuwa ya soketi: bado. Soketi zenyewe nilishazipima kwa meger, nzima. Adhana ikafika, tukafuturu kwa taa ya simu, Mama akawasha mkaa. Hakusema neno, akanisogezea kikombe cha uji.

Jibu lilikuwa pampu ileile, ingawa breka yake iko chini na imefungwa tepu. Breka ya kawaida ya njia moja inakata laivu peke yake. Nyutro ya pampu ilibaki kwenye baa ya nyutro pamoja na nyingine, na kule mchangani nayo imegusana na erthi. Ukiwasha mzigo mkubwa popote ndani ya nyumba, sehemu ya umeme unaorudi inaona njia ya mkato: inashuka nyutro ya pampu, inaingia ardhini, haipiti tena kwenye lile duara. Duara linaona pengo. Taa ni mzigo mdogo, pengo halifiki. Jagi linafikisha.

Nilichomoa nyutro ya pampu kwenye baa, ikatulia saa mbili usiku. Saa tatu zote zile zingeokolewa na kipimo cha dakika kumi: kabla ya kuwasha, pima kwa meger nyutro kwa erthi ya kila njia, si laivu kwa erthi tu. Vitu vyenye elektroniki vichomolewe kwanza, meger ya volti 500 inaweza kuviua.

Kitufe chenye herufi T ukikibonyeza lazima breka ikate. Lakini kitufe hicho kinapitisha uvujaji wa bandia ndani ya breka yenyewe. Kitakubali hata kama fimbo ya erthi imeoza kama ile ya kwetu. Kinapima breka, hakipimi erthi yako.

Jumamosi, 5 Aprili: Mvua, na barafu za Mama

Masika imeanza. Usiku wa kuamkia Alhamisi mvua ilipiga na breka ya uvujaji ikakata nyumba nzima. Mama alikuwa amelala. Asubuhi friza lilikuwa limeyeyuka: barafu za ukwaju na za ubuyu anazouzia wanafunzi, na samaki wa wiki. Amehesabu 60,000. Hilo ni kosa langu la mpango. Nimeweka mlinzi mmoja mlangoni kwa njia zote, akishtuka mmoja wanafungiwa wote.

Nimepima kwa klempu-mita ndogo inayosoma miliampea, laivu na nyutro zikiwa pamoja ndani ya taya zake. Nyumba ikiwa kavu, vitu vyote vimewashwa, uvujaji wa kawaida ni miliampea 9. Hakuna kibovu, televisheni, chaja, kompyuta na friza kila kimoja kinavujisha kidogo kupitia vichujio vyake, na vyote vinajumlishwa. Kumbuka breka ya 30 inaruhusiwa kukata popote kati ya 15 na 30. Taa ya barazani ikaingia maji, ikaongeza zake, ikavuka mstari.

Dawa ni kila njia iwe na mlinzi wake. Kuna breka inayobeba kazi mbili, ya kawaida na ya uvujaji kwa pamoja, dukani RCBO. Ni ghali.

Jumamosi, 12 Aprili: Nyutro ya kuazima

RCBO tano kwa 85,000 kila moja, 425,000: taa, soketi za sebule na jikoni, friza peke yake, shawa ya umeme, na vyumba vya kulala. Duka moja mjini lilikuwa nazo tatu, mbili nilisubiri basi la Dar.

Makosa matatu, kwa mfuatano.

La kwanza, niliiacha ile breka ya uvujaji ya miliampea 30 mbele ya RCBO zote nikidhani walinzi wawili ni bora. Nilipojaribu kwa kipima, zote mbili zikakata pamoja, na nyumba nzima tena giza. Mbele inatakiwa breka ya uvujaji inayosubiri kidogo: ya miliampea 100 yenye herufi S kwenye mraba. Hiyo inawapa RCBO nafasi ya kukata kwanza, na bado inalinda kisanduku chenyewe. 95,000. Ile ya 30 nimeihifadhi kwa ajili ya banda la pampu.

La pili, kwenye RCBO ya shawa niliipeleka nyutro ya shawa kwenye baa ya pamoja kwa mazoea ya mkono. Nyutro ya mzigo lazima irudi ndani ya RCBO yake yenyewe. Ni ule waya wa nyutro wa breka yenyewe ndio unaokwenda kwenye baa. Nilipowasha shawa ikakata papo hapo. Dakika tano.

La tatu lilinila siku. Ukiwasha taa ya barazani, RCBO ya taa inakata na ya soketi inakata, zote mbili kwa mpigo. Taa nimeshaibadilisha, kavu, nzima. Nikapanda darini na tochi. Fundi wa zamani alipoongeza taa ya barazani alichukua laivu kwenye njia ya taa na nyutro kwenye njia ya soketi iliyokuwa karibu, akaokoa mita kumi na mbili za waya. Kwa breka za kawaida haikuonekana miaka yote hiyo. Kwa RCBO, ya taa inaona umeme umeenda haukurudi, ya soketi inaona umeme umerudi haukuenda kwake. Zote mbili zina haki. Nimevuta nyutro mpya, 15,000.

Jumla ya leo 535,000. Ninaandika bei hii bila kuipunguza, maana kuna atakayeisoma na kughairi. Ukishindwa RCBO tano, weka ya uvujaji moja ya miliampea 30 kwa nyumba yote na uvumilie kero zake. Kati ya kutokuwa nayo na kuwa nayo moja ndipo maisha ya mtu yalipo.

Jumamosi, 26 Aprili: Harufu ya chumbani

Dada yangu alilala chumba cha wageni akasema usiku anasikia harufu ya kama samaki anayeungua, na ukutani kitu kinasema tss, tss pasi ikiwa imewashwa. Nilivuta kitanda. Mguu wa kitanda ulikuwa umekanyaga waya wa ekstensheni, na soketi iliyonyuma imekuwa ya kahawia. Nikafungua: skrubu ya laivu imelegea, plastiki imeungua na kuwa mkaa.

RCBO mpya ya chumba hicho, ya 85,000, ilikuwa juu. Na haikukosea. Pasi ya wati 1,000 inavuta ampea 4 na kitu. Umeme ukiruka pengo kwenye skrubu iliyolegea, pengo lenyewe ni kizuizi, kwa hiyo ampea zinapungua kidogo. Breka ya kawaida inaona mzigo mdogo. Ya uvujaji inaona kilichoenda ndicho kilichorudi. Katikati pale cheche ina joto la maelfu ya nyuzi. Hili ndilo kosa la tatu nililoahidi kulifikia.

Breka ya cheche inasikiliza badala ya kupima wingi. Umeme wetu unavuka sifuri mara 100 kwa sekunde. Cheche inazimika kila mara umeme unapokaribia sifuri na kuwaka tena ng'ambo yake, ikiacha vijipengo kwenye wimbi na kelele nyingi za masafa ya juu. Ndani ya breka kuna kompyuta ndogo inayotafuta alama hizo. Kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 62606, cheche ya ampea 2.5 inatakiwa kukatwa ndani ya sekunde 1, ya ampea 5 ndani ya nusu sekunde, ya ampea 32 ndani ya sekunde 0.12. Ulaya inaitwa AFDD. Uingereza, kanuni zao tangu marekebisho ya 2022 zinaidai kwenye soketi za majengo kama mabweni ya wanafunzi na nyumba za kulelea wazee.

Tanga sikuipata. Binamu aliyeko Ohio akasema huko kwao ni kitu cha kawaida, akanunua moja na kuituma na mgeni; mchango wangu wa usafirishaji 45,000. Imefika leo, na haifai. Marekani breka ya cheche wanaiita AFCI, ni ya volti 120 na hezi 60, sisi 230 na 50, na umbo lake halikai kwenye reli ya kisanduku chetu. Usiagize huko hata kama ni bure. Nilijifunza jambo kwenye karatasi yake lakini. Breka zao za uvujaji, GFCI, zinakata kwenye miliampea 4 hadi 6, wakati zetu ni 30. Ni Charles Dalziel, profesa wa Berkeley, aliyeibuni ya kwao mwaka 1961, baada ya miaka ya kupima ni umeme kiasi gani mwili unastahimili. Sheria yao ya nyaya ilianza kudai breka za cheche kwenye vyumba vya kulala mwaka 2002, yaani pale watu wanapolala na moto unaanzia nyuma ya kitanda. Nilisimama mbele ya soketi ya kahawia nikisoma hivyo.

Wakati nasubiri ya Ulaya nimefanya ambalo halihitaji breka yoyote. Nimepita darini na kufungua kila kiungo. Saba vilikuwa waya zimesokotwa kwa koleo na kuzungushiwa tepu nyeusi. Viwili tepu imekuwa ngumu kama gamba na shaba chini yake imekuwa nyeusi. Vyote nimeviweka kwenye visanduku na konekta za kukaza. 38,000. Soketi na plagi mpya 14,000. Ekstensheni ile nimeikata vipande ili asije mtu akaiokota. Pamoja na hasara ya Ohio, 97,000.

Jumamosi, 17 Mei: Breka ya cheche imefika

Shangazi aliyetoka Birmingham, Uingereza, ameileta: moja, yenye kazi zote tatu ndani, ampea 16, aina A, miliampea 30. Pamoja na nauli yake, 480,000. Imeingia njia ya vyumba vya kulala peke yake. RCBO iliyotoka pale nimeiweka akiba.

Siku ya pili ikakata Mama akishona. Inakata kila akikanyaga pedali ya mota ya cherehani. Breka hizi zina taa inayopepesa kuonyesha sababu, na hesabu ya mipepeso ilisema cheche, si uvujaji. Nikawa tayari kusema inakosea, maana mota za brashi hutoa cheche kwa asili yake na breka inatakiwa kuzitambua na kuziacha. Lakini nilipofungua mota, kaboni moja ilikuwa imeisha hadi springi inakwaruza. Kaboni mpya 4,000. Haijakata tena kwa cherehani.

Isikuaminishe kupita kiasi. Skrubu iliyolegea inaweza kupata joto la kuyeyusha plastiki bila kuruka cheche hata moja, umeme ukipita kwenye kutu inayowaka kimyakimya. Hapo breka zote tatu hazioni kitu. Ndiyo maana kila skrubu ya kisanduku nimeikaza kwa bisibisi ya kipimo, na baada ya mwezi nitairudia, kwa kuwa shaba hulala chini ya skrubu na kulegea.

Jumamosi, 24 Mei: Pampu imerudi

Kebo mpya ya kuzikwa mita 22 kwa 165,000, bomba la PVC 40,000. Mtaro kina cha nusu mita, tepu ya njano ya onyo juu yake. Breka ya uvujaji ya miliampea 30 iliyotoka kisandukuni imekaa kwenye banda la pampu. Meger: laivu kwa erthi zaidi ya megaomu 200, nyutro kwa erthi vilevile. Kebo ya zamani tulipoifukua ilikuwa na jeraha la jembe, pana kama kidole.

Gharama tangu mwanzo: 1,758,000. Ndani yake 140,000 ni hasara tupu: fundi wa friji, friza lililoyeyuka, breka ya Ohio. Breka tano za kawaida zilizotolewa, 45,000, zitapata nyumba nyingine.

Yaliyobaki: kupima tena fimbo ya erthi mwezi wa Septemba mchanga ukiwa mkavu, maana omu 58 ni kipimo cha Machi tu. Kufungua soketi za sebuleni moja moja. Kinga ya radi, sijaigusa.

Mama nimemwonyesha vitufe vya T. Amekubali kuvibonyeza kila anaponunua LUKU ya mwanzo wa mwezi, kimoja kimoja, akianza na cha shawa na kuacha cha friza mwisho ili asikate baridi muda mrefu. Kandambili za bluu bado zipo mbele ya friji. Nimepima bati na sakafu yenye maji mbele yake, mita ikasoma sifuri, akaitazama, akazivaa hivyohivyo. Sijamshurutisha.